Saa iliyokohoa kabatini

Mama alinipigia simu Jumapili moja ya Februari, mvua ikipiga mabati ya nyumba yake hata nikawa nasikia nusu tu ya maneno.

“Montre ya baba yako iko inakohoa mu kabati,” alisema.

Nikamwambia arudie. Akarudia. Saa ya baba inakohoa, imo kabatini, na usiku ule imemharibia usingizi.

Nilidhani ni uzee wa mama. Niseme ukweli, hilo ndilo wazo la kwanza lililonijia, na sijivunii. Nilifika jioni nyumbani kwake Katuba, mtaa wa Lubumbashi huku Kongo, matope mpaka kwenye vifundo, akanikalisha kitandani na kuniambia ninyamaze. Tukanyamaza. Mvua ilikuwa imekata, umeme pia ulikuwa umekata. Baada ya muda, chini ya vitenge vilivyokunjwa, kitu kikalia. Hakikulia ile “pip” kali ninayoijua tangu utoto. Kililia kama mtu anayesafisha koo katikati ya misa akiona haya.

“Umesikia?” mama akauliza.

Nilisikia.

Bati la biskuti

Baba alikuwa mtu wa reli. Alituachia nyumba, madeni mawili madogo, na saa saba za mkononi. Hakuna hata moja ya kujaza kwa ufunguo. Zote zilikuwa za kwatzi, za kula pile, kama tunavyoita betri huku kwetu. Alikufa 2015.

Moja alipewa siku ya kustaafu, ndiyo aliyoivaa mpaka mwisho, uso wake ukiwa upande wa ndani wa mkono, kama watu wa reli wa zamani. Moja ya rangi ya dhahabu ilikuwa ya kanisani tu. Mbili zilikuwa za sokoni, za bei ya kuku mmoja. Moja ya kula mwanga wa jua ililetwa na mjomba kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Moja ndogo ilikuwa ya mama mwenyewe, na ya mwisho ni Casio F-91W, ile nyeusi ya plastiki ambayo kila mtu ana ndugu aliyewahi kuwa nayo.

Oktoba 2017 niliamua kuzihifadhi. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba ukivuta kitufe cha pembeni, kile cha kurekebishia mishale, saa inasimama na betri inadumu. Nikanunua kadi ya betri kumi. Nikatia mpya katika saa tano, nikavuta vitufe vyote vitano, nikazilaza kwenye bati la biskuti. Casio niliipeleka kwa fundi atie betri yake, kwa kuwa kifuniko chake kina skrubu nne ndogo na sikuwa na bisibisi ya kuzifungua. Ile ya mwanga sikuigusa. Nilijiambia haina betri ya kubadilisha, basi haina shida.

Nilitia pia kifuko cha mchele kunyonya unyevu. Mchele ukaota fukusi, mama akawapa kuku. Hilo tulilicheka miaka mingi.

Nilipofungua bati mwaka huu, sikucheka.

Kijani

Saa ya kustaafu ilikuwa nzuri usoni. Kioo safi, mishale imesimama pale pale nilipoisimamisha. Nikasukuma kitufe ndani, nikangoja mshale wa sekunde. Hakuna kitu. Nikasema betri imekwisha, ni miaka minane. Nikabandua kifuniko cha nyuma kwa kisu cha mezani.

Ndani kulikuwa na unga mweupe, kama chumvi iliyokauka ukingoni mwa sufuria. Na chini ya ule unga, kwenye kile kibati kinachoshika betri, kulikuwa na kijani.

Kila mtu wa Lubumbashi anakijua kijani kile. Ni rangi ya malakiti, ya vile vinyama na sahani za kuchongwa wanazouziwa wageni. Ni shaba iliyokutana na kitu na kugeuka. Sikuhitaji mtu anieleze kwamba ndani ya saa ya baba yangu shaba ilikuwa imegeuka jiwe.

Moja ya zile za sokoni ilikuwa na hali hiyo hiyo. Ya dhahabu na ya pili ya sokoni zilikuwa kavu, betri zimekufa bila kutapika. Ya mama, nilipobonyeza kitufe, ikatembea palepale kana kwamba niliisimamisha jana. Ya mwanga ilikuwa kimya kabisa.

Na Casio, ambayo hakuna aliyejisumbua kuisimamisha, kwa sababu haina kitufe cha kuvuta, ilikuwa inatembea.

Maandishi yake yamefifia, lakini inatembea, na ndiyo iliyokuwa inakohoa. Siku iliandika Jumapili, sawasawa. Tarehe ilikuwa mbele kwa siku mbili, na saa ilikuwa mbele kwa dakika 19. Nilikaa na zile siku mbili karibu robo saa kabla sijaelewa: saa ile haijui mwaka. Kwake yeye Februari ina siku 28 daima. Ilipita 2020, ikapita 2024, kila mara ikiruka tarehe 29 bila kujua ipo. Dakika 19 nazo, ukizigawa kwa miezi mia moja, ni kama sekunde 11 kwa mwezi, na mtengenezaji anaruhusu mpaka 30.

Nilibonyeza taa nione vizuri. Maandishi yote yakapotea.

Moyo ulishuka mpaka tumboni. Kisha yakarudi, polepole, hafifu kama ukungu wa pumzi juu ya kioo. Sikubonyeza tena.

Hesabu yangu

Kilichonisumbua wiki zilizofuata si kwamba nilikosea. Ni kwamba hesabu yangu ilikuwa nzuri.

Ndani ya saa ya kwatzi kuna kipande kidogo cha jiwe la kwatzi kilichokatwa mfano wa uma wenye meno mawili. Kikipewa umeme kinatetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Saketi inaligawa tetemeko hilo kwa mbili, tena kwa mbili, mara kumi na tano, mpaka linabaki pigo moja kwa sekunde. Pigo hilo linaendesha mota ndogo ya namna aliyoibuni Mfaransa Marius Lavet mnamo 1936, na mota inasukuma mshale hatua moja. Yote haya yaliingia mkononi mwa watu tarehe 25 Desemba 1969, Seiko walipouza Astron ya kwanza Tokyo kwa yeni 450,000, bei ya gari dogo. Baba alinunua zake kwa bei ya kuku, ndivyo dunia inavyokwenda.

Mlaji mkubwa hapo ni mota. Jiwe linakula kidogo sana. Ukivuta kitufe, katika saa nyingi mota inanyimwa pigo, na watengenezaji wengine wa mashine za saa wanaandika wazi kwamba ulaji unapungua kwa asilimia 70 hivi. Ndiyo maana saa mpya dukani huja na kipande cha plastiki kimebanwa chini ya kitufe.

Basi mimi nikapiga hesabu: betri ya miaka mitatu, ikila asilimia 30 tu, itafika miaka kumi. Penseli na karatasi. Nilimwonyesha mama. Nilijiona mjuzi.

Sikujua ninajaza maji kwenye sufuria yenye matundu mawili, nami nimeziba moja.

Tundu la pili ni betri yenyewe. Betri haimngoji mtu. Inazeeka hata ikiwa haifanyi kazi: kemikali zake zinaendelea kusemezana ndani, na ule mpira mwembamba unaozuia kilichomo kisitoke unachoka. Joto linaharakisha yote mawili. Kabati la mama limeegemea ukuta wa magharibi, chini ya mabati, na wanaoijua Oktoba ya huku, kabla mvua hazijaanza, wanajua ukuta ule unavyokuwa saa za alasiri. Mkono hauuwekei.

Tena kuvuta kitufe si kuizima saa. Jiwe linaendelea kutetemeka. Saa imefumba macho tu, haijalala.

Katika wiki zile nilikuwa nikiuwaza mgodi wa Kipushi, kilomita 30 hivi kutoka mjini. Ulifunguliwa 1924, ukasimamishwa 1993, ukarudi kutoa zinki 2024. Katikati ya miaka hiyo wengi tulisema mgodi umelala. Lakini mgodi wa chini ya ardhi haulali bure, lazima pampu zifanye kazi usiku na mchana, maana maji hayajui kwamba uchimbaji umesimama. Mwaka 2011 pampu kuu zilikufa, na maji yakapanda. Nawaza pia kwamba ndani ya betri ya saa kuna zinki, na zinki ndiyo inayoliwa. Lakini hapo naona naanza kuhubiri, niache.

Herufi mbili

Nilizipeleka saa kwa mzee mmoja mwenye meza ya kioo mjini, mtu mwenye lenzi iliyobanwa jichoni kana kwamba alizaliwa nayo. Aliifungua ya kustaafu, akaitoa betri kwa kibano cha plastiki, akaigeuza kwenye mwanga, akacheka kidogo puani.

“Ni nani alikuwekeaka hii?”

“Ni mimi, Papa.”

Akanitazama kwa lile jicho lisilo na lenzi. “Weye mwenyewe. Na mbele ya hii, ilikuwaka na gani?”

Hapo ndipo nilikumbuka. Betri ya baba niliyoitoa 2017 ilikuwa imeandikwa SR626SW. Niliikumbuka kwa sababu niliisoma kwa muuzaji, naye akaniambia zipo za aina ile ile kwa bei nafuu, kadi nzima chini ya dola moja. Zimeandikwa AG4. Nilipima moja juu ya nyingine: upana ule ule, milimita 6.8, kimo kile kile, milimita 2.6. Ziliingia bila shida.

Ukubwa ni mmoja, tumbo si moja. Ile ya SR ni ya oksidi ya fedha, volti 1.55, nayo inashika volti hizo karibu mpaka siku ya kufa. Ile ya AG, ambayo wengine huiandika LR, ni ya alkalini: inashuka polepole, inazeeka haraka zaidi, na inapenda kutapika. Inachotapika ni maji makali yanayokula metali. Baba, mtu wa senti zake, alikuwa analipia fedha. Mimi, mtoto wa shule, nilimpa alkalini.

Na jambo lililonidanganya kuliko yote: betri ile ya baba ilikuwa imekufa ndani ya saa tangu 2015, nami niliitoa 2017 ikiwa safi. Miaka miwili ya maiti ndani ya nyumba na hakuna harufu. Nikaamini saa zinavumilia. Kumbe ilikuwa bahati, na ubora wa ile betri.

Mzee alichovya kijiti chenye pamba kwenye siki, akagusa ule unga mweupe. Ukatoa povu dogo. Akapangusa, akarudia kwa spiriti, akarudia tena. Alifanya kazi ile nusu saa bila kusema neno. Kisha akaweka ncha mbili za kipimo chake kwenye koili ya mota, waya wa shaba mwembamba kuliko unywele uliozungushwa maelfu ya mizunguko. Sindano haikusogea. Waya umekatika mahali, ndani, umeliwa.

“Pile haina mbegu ya muhindi, mwana,” aliniambia. “Huwezi kuiweka mu gunia ungojee mvula. Inazeekaka paka vile.”

Maana yake, betri si mbegu ya mahindi; inazeeka tu hata ikikaa. Nikamuuliza ningefanya nini. Akashangaa swali lenyewe. Saa ambayo hutaivaa mwaka mzima, toa betri. Basi. Hakuna siri.

Lakini

Nilirudi nyumbani nikiwa na jibu, na jibu halikunituliza.

Kwanza, kutoa betri ni kufungua saa, na kurudisha ni kuifungua tena. Kila ukifungua, ule mpira wa kuzuia maji kwenye kifuniko unavutika, unapata unyoya, unapata vumbi, na mavumbi mekundu ya huku yanaingia hata ndani ya mayai. Nilibandua ya kustaafu kwa kisu, na alama ya kisu ipo mpaka leo ukingoni. Kwa hiyo anayeifungua saa kila miezi mitatu kwa ajili ya kuilinda anaiua kwa njia nyingine. Mpaka wangu sasa ni huu, na ni wangu tu: kama nitaivaa ndani ya miezi michache, navuta kitufe, basi. Kama ni mwaka, betri inatoka. Kama ninaivaa hata mara moja kwa wiki, naiacha itembee. Betri ya fedha inagharimu kidogo kuliko teksi ya kwenda kuinunua.

Rafiki yangu mmoja, mtu wa majibu ya haraka, aliniambia nizitie kwenye friji. Baridi inachelewesha uzee, kweli, lakini friji ya Lubumbashi si friji ya kwenye matangazo. Umeme unakatika, friji inapata joto, umeme unarudi, inapata baridi, na kila mzunguko wa namna hiyo unaleta jasho. Chupa ya maji ukiitoa inalia machozi nje, na saa nayo inalia, ila yake yanaweza kuwa upande wa ndani wa kioo. Afadhali droo ya chini, mbali na ukuta wa magharibi, pamoja na vile vifuko vinavyokuja kwenye masanduku ya viatu. Wala si juu ya spika ya redio: sumaku inaishika ile mota, nawe utadhani betri imekwisha.

Pili, betri ukishaitoa unaiweka wapi? Mimi nilizitia zote pamoja kwenye kichupa cha dawa, nikajipongeza. Mzee alipoona akanigombeza: zikigusana zinamalizana zenyewe kwa zenyewe. Kila moja ifungiwe karatasi au utepe peke yake. Na nyumba ya mama ina wajukuu watano. Betri ya kitufe ikimezwa na mtoto na kunasa kooni inaweza kuchoma nyama ndani ya saa mbili, hasa zile pana za lithiamu kama ya Casio. Kichupa kiliondoka Katuba siku hiyo hiyo. Betri za zamani sitaki hata kuziona.

Ya mwanga nayo ilinipa somo la kinyume. Saa za namna hiyo, ambazo Citizen walikuwa wa kwanza kuziuza zikiwa na mishale mwaka 1976, zinaumizwa na giza. Kile unachokiita kuhifadhi, kwao ni njaa. Niliilaza dirishani siku tatu. Ilifufuka, ikatembea siku mbili, ikalala. Nimeilaza tena. Bado tunazungumza, mimi na yeye.

Miwili miwili

Tatu ndiyo iliyonichelewesha kuandika haya.

Wiki za mwisho za baba, nikiwa nimekaa pembeni ya kitanda chake, niliona mshale wa sekunde wa saa yake haupigi moja moja. Unatulia, kisha unaruka miwili. Unatulia, unaruka miwili. Nilidhani saa imeharibika, nikamwambia nitaipeleka kwa fundi.

Akasema hapana, haijaharibika. “Inaomba chakula.”

Ni kweli, nyingi zimetengenezwa hivyo. Betri ikikaribia kwisha, saketi inaacha kutuma pigo kila sekunde na kutuma mapigo mawili kila baada ya mbili, nyingine manne kila baada ya nne. Wakati wenyewe haupotei, saa inaonya tu. Una siku chache za kubadilisha.

Sikubadilisha. Nilikuwa na mambo mengine wiki ile, nanyi mnaelewa. Na baada ya mazishi nikaiweka. Na baada ya miaka miwili nikaipa chakula, kibaya, na katika dakika ile ile ya kuilisha nikavuta kitufe ili isimame.

Hapo ndipo nilipokwama. Nilikuwa nadhani nahifadhi saa. Ukiangalia vizuri, kilichokuwa kinahifadhiwa kwenye bati lile ni betri. Kitu cha senti kumi nilikilinda kwa miaka minane ndani ya kitu kisichopatikana tena, na kile cha senti kumi kikala kingine.

Kwa nini sikutaka itembee? Ningeweza kuivaa. Mkono wangu na wa baba ni mmoja, mkanda wake unanikaa kwenye tundu lile lile. Nadhani niliogopa ikitembea itakuwa saa tu. Itakuwa na alama ya kugongwa na mlango wangu, jasho langu, itaonyesha wakati wa mikutano yangu. Ikiwa imesimama inabaki yake.

Sina hakika kama nilikosea katika hilo. Nilikosea katika betri.

Mashine mpya

Mzee wa meza ya kioo alinipa njia. Mashine ya ndani, ile yote, koili na saketi na magurudumu, inaweza kutolewa na kutiwa mpya ya ukubwa ule ule. Uso utabaki, mishale itabaki, kasha litabaki na maneno yaliyochongwa nyuma. Dola kumi na tano, tena nzuri.

Nilisema nitafikiri. Nimefikiri wiki tano.

Kilichokuwa kinapiga kwenye mkono wa baba kilikuwa ile mashine. Uso ulikuwa unaonyesha tu. Nikiitoa, nitakuwa nimevaa nini?

Nilimweleza mama, nikitarajia aone uzito. Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, hakuinua kichwa.

“Baba yako alibadirishaka mota ya mashini ngapi mu dépôt?”

“Nyingi.”

“Na alikuwa anaita mashini jina ingine?”

Hakuna aliyeita. Namba ya kichwa cha treni ilibaki ile ile, hata chuma chote cha ndani kikibadilika. Hata hivyo sijairudisha kwa mzee. Ipo kwenye droo yangu, haina betri, kifuniko kimefungwa, na kila mara ninapovuta droo kutafuta kalamu naiona. Mama anajua. Hasemi kitu, na kutosema kwa mama mnakujua.

Pip

Casio ndiyo ilikuwa rahisi. Betri mpya ya lithiamu, CR2016, skrubu nne, dakika kumi. Mzee aliniambia kwamba ikitolewa betri itasahau kila kitu, na kweli, iliwaka ikiwa haijui siku wala saa. Miaka minane na miezi minne ya kuhesabu bila kusimama ikaisha pale mezani kama mtu anavyopangusa ubao. Nilikuwa nimepiga picha uso wake kabla. Sijui kwa nini.

Niliipangia upya vizuri sana. Siku, mwezi, saa, dakika, na sekunde niliilinganisha na simu. Nikawasha mlio wa kila saa, nikaipeleka Katuba, nikaisimika kabatini. Mama akaisikiliza ikilia, kali, safi, haikohoi tena. Akafurahi. Nikarudi nyumbani nikijiona nimelipa deni.

Jumatatu akapiga simu.

“Umefanya nini montre?”

Nikamwambia nimeitia betri, si alikuwepo. Akasema hapana, umeifanya nini. Jana amechelewa misa ya kwanza. Amefika padri anasoma Injili, viti vimejaa, amesimama mpaka mwisho pamoja na wale vijana wa nyuma.

Ilinichukua muda kumtoa maelezo. Miaka yote hii mama hakuwahi kutazama saa ya ukutani asubuhi. Kulikuwa na pip moja, baada ya jogoo na kabla ya muezini, na pip ile ndiyo ilikuwa inamwamsha. Alikuwa hajui kwamba saa ile ilikuwa inakimbia mbele. Ilivyokuwa ikijisogeza kidogo kidogo, sekunde kumi na moja kwa mwezi, naye alisogea nayo, akawa anaamka mapema zaidi mwaka hadi mwaka, na kufika kanisani mapema zaidi, mpaka akapata kiti chake cha pili kutoka mbele ambacho sasa kila mtu anajua ni chake.

Nikamweleza kwamba sasa ndiyo iko sawa. Zamani ilikuwa na makosa.

“Makosa ya nani?” akauliza.

Nilikwenda jioni ile. Nikatoa vitenge, nikafungua bati, nikabonyeza vile vitufe vidogo kwa ukucha, na mama akanishikia tochi ya simu. Nikaisogeza mbele dakika kumi na tisa.